Mguu, risasi na saa sita

Majeruhi akishushwa kwenye gari, watu wote hukimbilia tundu la risasi. Mimi, damu ikishazuiwa, nakimbilia wayo. Navua kiatu, nakata soksi kwa mkasi, naweka vidole viwili kwenye mgongo wa wayo, kisha nyuma ya kifundo upande wa ndani. Natafuta mpigo. Nikiupata, nina nafasi ya kufikiri. Nikiukosa, nauliza swali moja tu: alipigwa saa ngapi?

Nikisema saa sita sisemi adhuhuri. Nasema muda ambao msuli uliokatiwa damu huvumilia, kwa makadirio, kabla haujaanza kufa kifo kisichorudi. Neva huchoka mapema zaidi. Joto hulifupisha tumaini hilo, na mtu aliyekwisha kupoteza damu nyingi analo fupi kuliko wenzake. Hesabu inaanza risasi inapopita. Majeruhi anapofika mlangoni kwako, sehemu ya saa zake imeshaliwa njiani.

Nawaandikia madaktari, matabibu na wauguzi waliojikuta katika hospitali ya vita bila kusomea upasuaji wa mishipa ya damu. Na mimi sikuusomea. Nilikuwa mpasuaji wa henia na matumbo, nikapelekwa kwenye hospitali ya mahema, na ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya kwanza ya paja niliyoiunga niliiunga huku kitabu kimefunguliwa juu ya meza ya vifaa, kurasa zimebanwa na koleo. Mengi niliyoyajua baadaye nilifunzwa na sista mmoja wa chumba cha upasuaji ambaye alikuwa ameona vita viwili kabla ya hivyo. Mtamkuta tena huko mbele.

Pale alipoanguka

Wamarekani walichunguza vifo vya wanajeshi wao 4,596 vya mwaka 2001 hadi 2011. Karibu asilimia 87 walikufa kabla hawajafika hospitali yoyote. Kati ya hao waliokufa njiani, wale ambao pengine wangeokolewa walikuwa takriban robo, na zaidi ya asilimia 90 ya robo hiyo waliuawa na damu iliyovuja. Ustadi wangu wote wa sindano na uzi hauwafikii watu hao. Anayewafikia ni mwenzake aliye kando yake, mwenye mkanda wa kukaza mfukoni.

Mkanda unafungwa juu ya jeraha, upande wa moyo, kama upana wa vidole vinne kutoka kwenye tundu, na kamwe si juu ya goti wala kiwiko. Kama hamna mwanga wala nafasi ya kutafuta tundu, ufungwe juu kabisa ya paja au mkono, hata juu ya nguo. Kaza hadi damu ikome na mpigo wa chini upotee. Majeruhi atapiga kelele, kwa sababu unauma kweli. Mkanda uliokazwa nusu ni adui mkubwa: unaziba vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, ambazo ni laini, lakini ateri inaendelea kusukuma, basi damu inaingia na haina pa kutokea isipokuwa jerahani. Nimepokea watu waliovuja zaidi kwa sababu ya mkanda legevu kuliko ambavyo wangevuja bila mkanda. Mmoja hautoshi? Weka wa pili pembeni yake. Huna wa dukani? Kitambaa kipana cha vidole viwili au vitatu na kijiti cha kusokotea. Usitumie waya wala kamba ya kiatu, zinakata.

Andika saa. Kwenye mkanda, kwenye paji la uso, popote patakapoonekana.

Kwenye hospitali ya kijeshi ya Baghdad walilinganisha waliofungwa mkanda kabla ya kuingia kwenye mshtuko wa kupungukiwa damu na waliofungwa baada ya hapo. Wa kwanza walipona asilimia 90, wa pili asilimia 10. Kwa hiyo usingoje uone kama kitambaa kitatosha. Na usiulegeze kila nusu saa "ili mguu upumue", desturi ya zamani ambayo bado naikuta. Kila ukiulegeza, bonge lililoanza kujijenga linang'oka na damu mpya inamwagika. Ndani ya saa mbili, kama majeruhi ametulia, unamwona muda wote na unaweza kulishindilia jeraha vizuri, jaribu kubadilisha mkanda kwa bandeji ya kukandamiza, mara moja, kwa utaratibu, mkanda ukibaki pale pale umelegea, tayari kukazwa tena. Ukizidi saa sita, usiufungue njiani. Hiyo ni kazi ya mahali penye mpasuaji, damu na maabara, maana sumu na potasiamu zilizolala mguuni zitakwenda moja kwa moja moyoni.

Kinenani, kwapani na shingoni mkanda haushiki. Hapo ni kidole na shashi. Ingiza kidole mpaka uhisi pale panapochuruzika damu ya moto, kandamiza kuelekea mfupa, kisha lisha shashi kando ya kidole chako, kidogo kidogo, bila kukiondoa kidole mpaka shashi ichukue nafasi yake. Jaza hadi itokeze juu ya ngozi. Baada ya hapo kandamiza kwa mikono miwili dakika kumi. Shashi yenye dawa ya kugandisha inataka kama tatu. Usichungulie. Kuchungulia ndiko kunakoharibu.

Kuna hila moja kwa tundu jembamba lenye kina, hasa la shingo au chini ya mtulinga: mpira wa mkojo. Usukume taratibu kwenye njia ya risasi, jaza puto lake kwa maji hadi damu ikome, banisha mpira, shona ngozi kwa mishono miwili mitatu kuuzunguka ili puto lisiruke. Nimemsafirisha mtu safari ndefu kwa mpira huo na sindano ya maji. Na jambo ambalo hamtalifanya ni kutumbukiza koleo gizani kwenye dimbwi la damu mkitumaini kubana kitu. Mtabana neva.

Kutambua

Dalili zisizo na mjadala ni hizi: damu inayoruka kwa mapigo, uvimbe wa damu unaokua mbele ya macho yako, mpigo uliopotea, wayo baridi na mweupe au wenye madoa, na mtetemo chini ya vidole kama paka anayekoroma. Akiwa na mojawapo, anakwenda mezani. Hahitaji picha. Risasi imekuchorea picha kwa tundu la kuingilia na la kutokea. Unganisha matundu hayo mawili kichwani mwako na utajua mshipa upi umo njiani, ila kumbuka kuwa mfupa huikengeusha risasi.

Wasiwasi uko kwa wengine: aliyevuja sana njiani lakini sasa amekauka, mwenye mpigo dhaifu kuliko mguu wa pili, mwenye tundu jirani na mshipa mkubwa, mwenye vidole vilivyokufa ganzi. Kwa hao chukua mashine ya presha na kidopla kidogo cha mkononi, kifaa kinachosikiliza damu ikipita mshipani. Pima presha ya kifundo cha mguu ulioumia, igawe kwa presha ya mkono usioumia. Jibu likiwa chini ya 0.9, mtilie shaka mshipa. Huna dopla? Linganisha miguu miwili kwa vidole vyako mwenyewe, kila saa, na andika. Si kwa vidole vya mtu mwingine kila mara. Kila mtu ana mpigo wake wa kufikirika.

Nawaambieni kosa langu ili lisiwe lenu. Kijana mmoja alipigwa risasi ya bunduki pembeni ya goti. Tundu dogo, halivuji, mfupa mzima. Mpigo wa wayo haukuwepo, lakini vidole vilikuwa na joto kidogo. Niliandika kwenye jalada: "mshipa umejikaza, aangaliwe." Nilikuwa na wengine watatu wenye matumbo yaliyopasuka, na neno hilo lilinipa ruhusa ya kumwacha. Niliporudi kwake shavu la mguu lilikuwa gumu kama ubao. Mguu ule ulikatwa juu ya goti. Tangu siku hiyo sikubali neno "umejikaza" liandikwe na mtu ambaye hajaufungua mshipa na kuuona.

Kilichompata ni hiki. Risasi ya bunduki ya kivita hutoka kwenye mtutu kwa mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde, na inapopita kwenye nyama hupanua pango la kitambo kidogo sana, kisha nyama hurudi. Ateri iliyo kando inavutwa kwa ghafla. Tabaka la nje ni imara, linavumilia. La ndani linachanika na kujikunja kama karatasi iliyobanduka ukutani, damu inakwama hapo, bonge linajengeka. Ukiutazama mshipa kwa nje unaona wekundu tu, kama alama ya kofi. Ndani umezibwa. Ndiyo maana jeraha lisilovuja linanitisha kuliko linalovuja. Ajabu nyingine: ateri iliyokatika kabisa hujikunyata, hujivuta ndani ya misuli na mara nyingi hujinyamazisha yenyewe. Iliyokatika nusu haiwezi kujikunyata, kwa kuwa sehemu iliyobaki inaishikilia wazi. Hiyo ndiyo inayoua.

Kabla ya kisu

Damu kwa damu. Maji ya chumvi hayabebi oksijeni, na yakizidi yanaipoza damu na kuizuia isigande. Mpaka mshipa ushikwe, naridhika na presha ya juu ya 80 hadi 90 au mpigo unaohisika kwenye kifundo cha mkono, isipokuwa kama ameumia kichwa pia; huyo anahitaji zaidi. Damu nzima iliyotolewa muda huo huo na wenzake waliokwisha kupimwa ni bora kuliko chochote tulichokuwa nacho kwenye jokofu. Asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia bonge la damu lisiyeyuke, gramu 1 kwa dakika kumi, kisha gramu nyingine kwa saa nane, lakini ianze ndani ya saa tatu tangu ajeruhiwe; ikichelewa zaidi ya hapo inaweza kudhuru. Antibayotiki, kinga ya pepopunda, blanketi. Mtu wa dawa ya usingizi atawaambia: mgonjwa baridi havuji kidogo, anavuja zaidi.

Sugua na funika kwa shuka safi mguu wote hadi kitovuni, vidole vikiwa wazi mahali utakapoviona. Na mguu wa pili pia. Vijana husahau mguu wa pili, kisha wanapohitaji vena ya kupachika wanaanza kusugua ngozi upya damu ikiwa imesimama.

Mezani

Usianzie jerahani. Narudia kwa sababu mkono utakuvuta huko: usianzie jerahani. Kwa risasi ya paja, chale ya kwanza ni kinenani, wima, juu ya mpigo wa ateri ya paja au mahali ulipopaswa kuwa, nusu ya njia kati ya ncha ya nyonga na mfupa wa kinena. Itafute ateri mahali ambapo nyama bado ni safi, izungushie utepe mara mbili. Nenda chini ya jeraha, fanya vivyo hivyo. Sasa tu fungua katikati. Msaidizi mwenye kidole ndani ya tundu akitoe wakati umeshika tepe zote mbili. Ukifuata mpangilio huo unakuta bwawa tulivu. Usipoufuata unakuta mto.

Halafu unaamua, na uamuzi huo hautokani na mshipa bali na mtu mzima aliyelala pale. Ana nyuzi joto chini ya 35? Damu yake imekuwa kama maji ya nyama, haigandi? Tumbo nalo limetobolewa? Basi hakuna kuunga siku hiyo. Funga au weka mrija wa muda wa kupitishia damu, toka.

Kufunga kabisa kwa uzi ni njia ya zamani, na si ya aibu. Moja kati ya ateri mbili za mkono wa chini inafungika kama ya pili inapiga. Moja ya ateri za muundi vilevile. Ateri ya nje ya shingo, ateri ya ndani ya nyonga, hizo hufungwa bila majuto mengi. Lakini ya paja pale kinenani na ya nyuma ya goti zikifungwa, unauza mguu. Katika Vita vya Pili vya Dunia, wapasuaji wa Kimarekani DeBakey na Simeone walikusanya ateri 2,471 zilizojeruhiwa, karibu zote zikiwa zimefungwa tu, na takriban asilimia 40 ya miguu na mikono hiyo ilikatwa. Korea, wapasuaji walipoanza kuunga na kupachika vena, idadi ilishuka hadi kama asilimia 13, na Vietnam ikabaki hapo hapo. Ateri ya nyuma ya goti pekee ndiyo iliyokaidi: hata Vietnam, karibu miguu mitatu kwa kila kumi ilipotea. Ukiona tundu jirani na goti, wote chumbani waongeze mwendo.

Mrija wa muda ndio ulioniokolea miguu mingi kuliko uzi wowote. Ukiwa na ile ya kiwandani, vizuri. Mimi nimetumia mrija wa dripu ulio safi na mrija wa kulishia watoto wachanga. Chagua unaoingia bila kulazimishwa. Kwanza safisha ateri: pitisha katheta nyembamba yenye puto, juu na chini, utoe mabonge mpaka damu iruke kutoka juu na ichuruzike kutoka chini. Kata mrija ili uingie sentimita mbili tatu kila upande na katikati ubaki bila kukunjamana. Ingiza upande wa chini kwanza, uachie damu irudi kuujaza, kisha wa juu. Funga kila upande kwa uzi mnene wa hariri, na funga uzi mwingine katikati ya mrija ili uone kama unateleza. Sasa nenda ukaguse wayo.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuwa bado nakodolea macho mrija nikihofia utachomoka. Sista alikuwa ameshaingiza mkono chini ya shuka. "Dokta," akasema, "vidole vimepata joto." Mrija kama huo hukaa wazi saa nyingi bila dawa ya kuzuia kuganda, na mara nyingi hufika kesho yake. Katika nafasi hiyo unampasha joto mgonjwa, unamwongezea damu, unashughulikia tumbo, unamsafirisha. Na kama fupaja limevunjika, mtu wa mifupa afunge vyuma vyake vya nje wakati damu inapita mrijani. Ukiunga vena kwanza kisha akaja kuvuta mfupa, atakuvunjia kazi yako mbele ya macho yako. Nimeona.

Kuunga

Mgonjwa akiwa na joto na damu inayoganda, kata ncha za ateri hadi utakapoona tabaka la ndani jeupe, linang'aa, limeshikamana. Kata pia sehemu iliyofungwa uzi wa mrija, imepondeka. Usihurumie milimita. Mimina maji yenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ndani, yuniti 5,000 katika mililita 500. Heparini ya mwili mzima namwekea tu mwenye jeraha hilo moja. Mwenye kichwa au tumbo lililojeruhiwa simpi.

Pengo likiwa chini ya sentimita mbili na ncha zinakutana bila kuvutana, ziunge. Mpasuaji John Murphy alifanya hivyo Chicago mwaka 1896 kwenye ateri ya paja iliyotobolewa na risasi, kwa hiyo kazi hii si ngeni. Pengo likizidi, usikaze kamba, chukua vena. Ile ndefu ya safena, ya mguu MZIMA, si ule ulioumia, kwa kuwa huko vena hiyo huenda ndiyo njia pekee iliyobaki ya damu kurudi. Anzia mbele kidogo ya kifundo cha ndani, haikosekani hapo. Ichukue ndefu kuliko unavyodhani.

Kisha igeuze. Vena ina vali zinazoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, kuelekea moyoni. Iliyokuwa ncha ya chini lazima iunganishwe juu. Mimi hufunga uzi mdogo kwenye ncha ya kifundoni kabla sijaitoa, maana ikishalala kwenye bakuli ncha zote mbili zinafanana. Sista yule alikuwa na swali lake moja, na aliniuliza kila mara, hata mwaka wa pili, hata nilipokuwa nimenuna: "Umeigeuza?" Siku moja hakuwa zamu. Nikashona vizuri ajabu, nikaachia tepe, vena ikavimba upande wa juu na chini ikalala kama mkanda mtupu. Nikakata, nikaanza upya, dakika arobaini zikaenda. Nilipomsimulia hakucheka. Tangu hapo namwomba yeyote aliye zamu aniulize.

Kata ncha mshazari ili mdomo uwe mpana. Uzi wa polipropilini, unene wa 5-0 kwa paja, 6-0 nyuma ya goti na mkononi. Ukitaka midomo ikae wazi, weka mishono mitatu ya kushikilia, kwa umbali sawa, na msaidizi aivute taratibu; duara linageuka pembetatu na unashona upande mmoja mmoja. Hiyo ni hila ya mpasuaji Mfaransa Alexis Carrel ya mwaka 1902. Kwenye ateri, hasa ncha ya chini, sindano itoke ndani kwenda nje, la sivyo utalibandua tabaka la ndani na kutengeneza ugonjwa ule ule uliokuja kuutibu. Kabla ya fundo la mwisho achia chini, achia juu, hewa na vijibonge vitoke. Funga. Gusa wayo.

Funika ulichounga kwa msuli ulio hai. Vena iliyoachwa peupe hukauka, huoza, na hupasuka siku ya sita au ya saba, usiku. Mirija ya kutengenezwa, ya kupachika moja kwa moja badala ya vena, sipendi kuiweka kwenye jeraha la risasi. Uchafu ulioingia na nguo unaipenda mno. Vena kubwa iliyokatika nyuma ya goti au kinenani naishona kama ni kazi ya dakika chache, vinginevyo naifunga na kuuinua mguu. Ngozi ya jeraha lenyewe haifungwi siku hiyo.

Chale ndefu

Mguu uliokosa damu ukirudishiwa damu, huvimba. Misuli ya muundi imefungwa katika vyumba vinne vyenye ala ngumu isiyotanuka, na uvimbe ukikosa pa kwenda huibana mishipa ile ile uliyoifungua. Kwa hiyo zipasue ala kabla hujatoka mezani, hasa zikipita saa nne hadi sita, au vena na ateri zikiwa zimeumia pamoja, au mgonjwa akiwa anasafirishwa mahali ambapo hakuna wa kumwangalia. Usingoje mpigo upotee. Mpigo hupotea mwisho kabisa. Kinachotangulia ni maumivu makali ukivinyoosha vidole, na majeruhi mwenye usingizi wa dawa hawezi kukuambia.

Chale mbili. Ya nje, vidole viwili mbele ya fibula, mfupa mwembamba wa nje wa muundi, kuanzia vidole vinne chini ya kichwa chake (juu ya hapo neva imelala) hadi karibu na kifundo. Tafuta ukuta unaotenganisha chumba cha mbele na cha pembeni, pasua ala mbele yake na nyuma yake. Ya ndani, sentimita mbili nyuma ya ukingo wa tibia, mfupa mkubwa wa muundi, urefu huo huo. Pasua chumba cha nyuma cha juu, kisha ubandue msuli wa soliasi kutoka kwenye mfupa mpaka uione misuli ya kina. Vyumba vinavyosahaulika ni cha mbele na hicho cha kina. Kama hukuiona neva na mishipa ya nyuma ya tibia, chumba cha nne hukukifungua.

Vijana huona haya kuweka chale ndefu hivyo kwa mtu wa miaka ishirini, wanakata kidogo, kwa adabu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Msuli hai hutokeza nje, mwekundu, na huruka ukiubana kwa koleo. Ulio wa kijivu usioruka wala kutoa damu, ukate.

Na kuna mguu usiostahili yote haya: umekakamaa, vifundo havipindiki, hauna hisia, madoa ya zambarau hayafifii ukiyabonyeza. Huo umekufa. Ukiufungulia damu utamrudishia mwenyewe potasiamu na donda ndugu. Mwite mwenzako mmoja aone pia, andikeni wote wawili, kata.

Wodini

Mpigo kila saa kwa saa 24 za mwanzo. Mkojo pia: ukiwa wa rangi ya kahawia nzito, misuli inayeyuka na figo ziko hatarini, ongeza maji mpaka apate mililita 100 au zaidi kwa saa na tazama moyo. Rudi mezani baada ya saa 48 kutazama misuli tena. Jeraha safi linafungwa siku ya nne au ya tano, chale za ala baadaye kidogo, nyingine kwa kupandikiza ngozi. Na kabla hajaruhusiwa, weka stetoskopu juu ya kovu. Uvumo kama wa mashine, usiokoma, maana yake ateri na vena zimetobokeana, na hilo huweza kujitokeza wiki nyingi baada ya jeraha kupona juu.

Kitu kimoja tulichokianzisha wenyewe. Nikiupata mpigo baada ya upasuaji, nachora msalaba kwa kalamu ya wino usiofutika pale pale kidole changu kilipo, na kando yake naandika saa. Wa zamu ya usiku hana haja ya kuwinda gizani. Anaweka kidole juu ya msalaba. Akikosa mpigo hapo, haniandikii kwenye jalada. Anakuja kuniamsha. Na wanaomwogesha asubuhi nimewaomba wasiusugue.